Saanane si Serengeti, tuseme hivyo kabla boti haijaondoka

Boti ilikuwa ikirudi mjini, jioni ya Jumapili, na ndani yake kulikuwa na watu wawili waliotoka kuona kitu kimoja. Kijana wa Dar es Salaam, miwani ya jua ameipandisha kichwani, alikuwa akimlalamikia mwenzake kwamba amepigwa. "Hifadhi ya taifa gani hii? Pundamilia wa kuhesabika na mawe!" Kwenye benchi la mbele yake alikaa mama mtu mzima, kitenge amekifunga juu ya jaketi okozi, anamsimulia mjukuu wake kwa Kisukuma mambo ambayo wote wawili walikuwa wameyaona saa moja iliyopita, kama vile ni hadithi ya kale: pundamilia alivyogeuza shingo, tumbili alivyokwapua andazi mkononi mwa mtoto wa watu. Mtoto alikuwa akimsahihisha bibi kila mahali alipopunguza chumvi. Boti ikagusa gati la Capri Point, kila mmoja akashuka na kisiwa chake.

Nimevuka kwenda Saanane mara nyingi, kwa sababu kila ndugu anayekuja Mwanza lazima apelekwe mahali, na mahali pa kumpeleka ndugu mjini hapa si pengi. Ukishampitisha Bismarck, ile miamba iliyopandana majini karibu na Kamanga, akapiga picha yake ya dakika tano, anakugeukia na kuuliza, "Sasa?" Jibu ni boti. Na katika kurudi nimekuwa nikisikiliza. Pazuri. Padogo. Pametulia. Jua kali. Hakuna kitu. Simba anatia huruma. Nitarudi na watoto. Na lile ambalo ndilo limenikalisha kuandika makala haya: "Mbona hamkutuambia?"

Swali hilo ni la haki. Tuanze na tarakimu. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ina kilomita za mraba 2.18, na humo yamehesabiwa pia maji yanayoizunguka. Hakuna hifadhi ya taifa ndogo kuliko hiyo nchini. Iko kama kilomita 2 tu kutoka katikati ya jiji, kiasi kwamba ukiwa juu ya mwamba wake unaona hospitali ya Bugando kilimani na mapaa yanayong'aa. Serengeti, ambayo lango lake la Ndabaka liko kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, ina kilomita za mraba 14,763. Saanane ingeingia ndani ya Serengeti zaidi ya mara 6,700. Lakini zote mbili ni za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na zote mbili zinaitwa kwa maneno yaleyale, Hifadhi ya Taifa. Mtu wa Dar akisoma maneno hayo akaanza kuota makundi ya nyumbu na vumbi, kosa si lake.

(Na wale wanaouliza kwa nini kisiwa kiliitwa saa nane badala ya saa tisa, jina halina uhusiano na saa. Ni jina la mtu, Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale.)

Jambo hili la mgeni kukuta padogo kuliko alivyoota halikuanzia Mwanza. Kule Lesotho, juu kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, kuna kituo kinachoitwa Afriski ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji wakiwa na mbao ndefu miguuni. Mteremko wake mkuu ni wa kama kilomita 1. Mtu aliyekulia kwenye milima ya Alps, aliyezoea kushuka na kushuka mpaka magoti yamlegee, anafika chini kabla mwili haujapata joto, anauliza kama ndiyo basi. Wa Johannesburg, ambaye theluji aliijua kwa televisheni, anarudi kwao na simulizi ya mwaka mzima. Mteremko ni mmoja. Sisi wenye Kilimanjaro hatuna kituo cha namna hiyo, ingawa mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao zao na kushuka wakiteleza. Barafu iliyopewa jina la Furtwängler bado iko kule kileleni, ikizidi kusinyaa. Sijasikia kama walilalamika kwamba mlima ni mfupi.

Kila mgeni huja na rula yake mfukoni. Hilo haliepukiki, wala si dhambi. Ugomvi wangu ni na mwenyeji anayeona rula ya mgeni, anajua haitatosha, na bado anamkatia tiketi akitabasamu.

Maana Saanane haikuanzishwa ishindane na Serengeti. Ilifunguliwa mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na makusudi yake yalikuwa mawili: kuwafundisha wananchi habari za wanyamapori, na kuwa kituo cha kupumzishia wanyama waliokuwa njiani kwenda kisiwa cha Rubondo. Nchi ilikuwa na miaka mitatu tangu uhuru. Mbuga zilikuwepo, tena zenye sifa duniani, lakini mtoto wa mitaa yetu ya Igogo au Kirumba angefikaje Seronera, kule Serengeti? Nani angempakia kwenye Land Rover? Basi wanyama wakaletwa mlangoni kwake. Walikuwemo tembo, faru, twiga, sokwe.

Mzee mmoja wa Kirumba, fundi cherehani wa zamani ambaye sasa kazi yake ni bao, alinisimulia alivyopelekwa kisiwani na shule yao akiwa darasa la nne. "Mwalimu alituonya njia nzima tusipige kelele, tutawatisha wanyama," aliniambia. "Tulipofika kwa tembo, aliyepiga kelele ni mwalimu." Nilimuuliza kisiwa kilikuwa kikubwa kiasi gani wakati huo. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. Kwake kisiwa kilikuwa na ukubwa wa tembo.

Mwaka 1991 Saanane ikawa pori la akiba, mwaka 2013 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Tembo na faru hawapo tena. Waliobaki, ukimwacha simba wa kwenye uzio, ni swala pala, pundamilia, tumbili, pimbi, kobe, kenge, mamba, na ndege wengi wa majini. Kisiwa kilipandishwa cheo wakati kile kilichokipa umaarufu kilikuwa kimeshaondoka. Rubondo yenyewe, iliyopokea wale wa njiani, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977, na huko hata sokwe ni wageni: walitoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, wakaachiwa msituni kati ya 1966 na 1969. Ni kisiwa kizuri kupita maelezo, na ni cha mwenye pesa. Tukiache huko.

Nirudi kwa simba, kwa sababu maneno makali kuliko yote niliyoyasikia kwenye boti yalimhusu yeye. Kwa miaka mingi simba wa Saanane ameishi ndani ya uzio. Mgeni aliyetoka Ndabaka jana, aliyemwona simba amelala chini ya mgunga na tumbo limejaa, akisimama mbele ya uzio ule uso wake hubadilika. Nimeona mwanamke wa Kizungu akiondoka pale bila kupiga picha, kamera ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Siku hiyohiyo mwalimu wa shule moja ya msingi ya Misungwi, amekuja na watoto zaidi ya sitini kwenye basi la kukodi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona simba zaidi ya yule wa kwenye kitabu na yule wa kwenye fulana ya Simba Sports Club. "Kaka, unataka nikawaambie wazazi wao tumevuka ziwa kutazama pimbi?"

Wote wawili wanasema kweli. Hata hivyo mwandishi wa maoni analipwa kuchagua, nami nachagua: simba asiletwe tena Saanane. Huwezi kumfungulia kwenye kilomita mbili za mraba. Atawamaliza swala, halafu aanze kututazama sisi. Kwa hiyo daima atakuwa wa uzio, na mtoto wa Misungwi atakuwa amejifunza jambo moja tu kuhusu simba, kwamba hulala nyuma ya waya. Simba mzima hula kilo 5 hadi 7 za nyama kwa siku kwa wastani. Piga hesabu ya mwaka: kati ya tani 1.8 na tani 2.6, kwa mnyama mmoja. Pelekeni hesabu hiyo buchani, kisha mniambie inakodi mabasi mangapi ya kuwapeleka watoto Ndabaka asubuhi na kuwarudisha jioni. Najua nitakosana na walimu. Lakini kile kisiwa kilichofanya mwaka 1964, kumleta mnyama kwa mtoto, leo kinaweza kufanywa kinyume chake, kwa sababu barabara ya lami ipo.

Halafu, tukimwondoa simba kwenye mizani, tutalazimika kutazama kile ambacho kisiwa kinacho, na hapo ndipo nawashangaa sana wageni wetu, wa Dar na wa Ulaya pamoja.

Chukua pimbi. Mwalimu yule alimdharau, na ni kweli kwa sura ni kama sungura aliyesahauliwa masikio. Lakini wataalamu wa wanyama wanasema ukoo wake wa karibu ni tembo. Mweleze hivyo mtoto wa darasa la nne, umwachie dakika kumi akimtazama pimbi akiota jua juu ya jiwe, uone kama atachoka. Chukua mjusi. Juu ya miamba ya Saanane, kama ilivyo juu ya miamba yote ya mji huu, kuna mjusi ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu yenye kuelekea zambarau, na mwili wa buluu iliyokolea. Huinuka na kushuka juu ya mikono yake kama askari anayeadhibiwa. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani wamempa jina la mji wetu. Duniani watu wanamwita mjusi wa Spider-Man, na picha zake zimezunguka kote. Mgeni anampita akiuliza simba yuko wapi. Mwenyeji naye anampita, kwa kuwa alikulia naye ukutani kwao Mabatini.

Na mwamba wenyewe. Mawe ya Mwanza ni matale, yaliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, kisha mvua na jua vikayafunua na kuyachonga mpaka yakabaki yamekaliana kama magunia ya pamba kwenye ghala la ushirika. Mjini tumeyajengea. Isamilo, Igogo, Bugarika, nyumba zimebanana katikati ya majabali na ngazi zimechongwa humohumo, maji yanapandishwa kwa ndoo kichwani. Unaishi juu ya jiwe miaka arobaini bila kuliona. Saanane ni mahali pekee karibu na mjini ambapo jiwe limeachwa peke yake, na ukilipanda saa kumi na moja jioni, mgongo kwenye joto lililobaki, unauona mji wako ukiwa kama wa mtu mwingine: mitumbwi ya wavuvi inajipanga kutoka, moshi wa jikoni unakaa chini ya kilima, adhana na kengele vinafika vimepunguzwa na maji. Mwanza hupendeza zaidi ukiwa umetenganishwa nayo na kilomita mbili za ziwa. Nimewapeleka watu pale waliokuwa wakiulaani mji huu kwa foleni na takataka, wakanyamaza nusu saa nzima. Hayo hayamo kwenye bango lolote.

Pengine hatuyaandiki kwa kuwa sisi watu wa ziwani tuna historia mbaya na maoni ya wageni. Mpelelezi wa Kiingereza John Hanning Speke alifika hapa Agosti 1858, akaliona ziwa kutoka kilimani, akalipa jina la malkia wake, akakaa siku chache, akaondoka akiwa na hakika kwamba amepata chanzo cha Nile. Hakulizunguka. Hata boti hakupanda. Mwenzake Richard Burton alimbishia, na Waingereza wakaandaa mjadala wa hadhara mjini Bath, Septemba 1864. Siku moja kabla yake Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, akiwa mawindoni. Ilibidi mpelelezi mwingine, Stanley, aje mwaka 1875, aanzie pwani hii ya Usukuma na boti yake Lady Alice, alizunguke ziwa lote, ndipo ikaonekana kwamba mgeni wa siku chache alikuwa amebahatisha sawasawa. Huo ndio uchungu wa maoni ya wageni. Mara nyingine mtu hajui kitu, na bado yuko sahihi.

Miaka 146 baada ya Speke akaja mwingine, na kamera. Filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, iliionyesha Mwanza kama mji wa sangara wanaoruka kwenda Ulaya kwa ndege, huku nyuma wamebaki watoto wa mitaani, makahaba, na wanawake wanaoanika mapanki kwenye funza. Ikapata tuzo, ikafika hadi kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na hapa mjini watu wakaandamana kuipinga. Mimi niliiona kwa kuchelewa. Kulikuwa na uzushi ndani yake, hasa katika kunong'ona kwake kuhusu silaha, na kulikuwa na ukweli, kwa sababu mapanki niliyajua: ni mifupa ya sangara iliyobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu, na mitaa mingi ya mji huu iliyala. Tangu wakati huo nimeona tumejenga tabia. Mgeni akisifu, tunamkaribisha. Mgeni akikosoa, tunamuuliza ametumwa na nani. Kati ya hayo mawili hakuna nafasi ya kumwambia tu, mapema na kwa utulivu, mambo yalivyo.

Na kutokusema kuna gharama. Miaka michache iliyopita nilimpeleka mpwa wangu kwenye hoteli moja ya ufukweni, jina lake nalihifadhi, siku ya kuzaliwa kwake. Kwenye tangazo lao kulikuwa na picha ya watoto ndani ya maji. Sato aliagizwa saa saba, akaja saa tisa na nusu. Hilo tumelizoea, huku samaki husubiriwa kama matokeo ya mtihani. Kijana akachoka kusubiri, akataka kuogelea. Nilimuuliza mhudumu kama maji yale ni salama. "Aogelee tu anko, haya maji yanatembea." Baada ya wiki kadhaa mtoto akaanza kuumwa tumbo na kutoa damu chooni. Ilikuwa kichocho. Dawa yake, praziquantel, ni ya kawaida kabisa huku. Shuleni wakati wa kugawa dawa kwa wote huwapima watoto kwa fimbo ya urefu kujua kila mmoja ameze vidonge vingapi. Alipona. Lakini mhudumu yule alijua. Kila mtu aliyezaliwa kando ya ziwa hili anajua kwamba konokono wa kichocho anaishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, palepale mgeni anapopenda kutia miguu, na kwamba sehemu nyingine kuna mamba juu yake. Alinyamaza ili nisinyanyuke mezani.

Sidhani kama kusema ukweli kungeharibu biashara. Tuna ziwa la kilomita za mraba 68,800, na kuna mambo mengi ya kufanya juu yake pasipo kuloa.

Tena hatuna sababu ya kuogopa hukumu ya watu, sisi hasa. Usukuma una utaratibu wake wa kupima maoni ambao ni wa zamani kuliko gazeti. Baada ya mavuno, kwenye ngoma za mbina, vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, huingia uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na manju wake na ngoma zake. Simulizi zinauhusisha mwanzo wa ushindani huo na waganga wawili, Ngika na Gumha. Kwa desturi yenyewe hapana jopo la majaji wala kadi za alama. Watazamaji hutembea. Upande unaowavuta wengi ndio ulioshinda, na manju ataimba, atatoa kichekesho, atacheza na nyoka au fisi, na atatumia samba, dawa ya mvuto, ili miguu ya watu ielekee kwake. Nimekaa Bujora wakati wa tamasha la Bulabo, mwezi Juni, nikatazama umati ukihama kama maji kwenye karai, na nikamwona manju aliyekuwa akishinda akipoteza kila kitu kwa sababu alirudia kichekesho kilekile. Hakumkasirikia mtu. Alibadilisha wimbo.

Kwa kipimo hicho cha miguu, Saanane haijashindwa. Mgeni wa nje huja mara moja, na wengi hawaji kabisa. Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii wa kigeni zaidi ya milioni 2.1, na kwa wengi wao, kama walifika Mwanza, ilikuwa mahali pa kubadilishia ndege. Lakini nenda Capri Point sikukuu ya Idi, au Jumatatu ya Pasaka. Utawakuta wanakwaya wa Nyegezi na sare zao, wanafunzi wa vyuo wenye spika ambayo wataambiwa waiache, maharusi, familia ya watu kumi na mmoja na sufuria ya pilau iliyofungwa kwa kanga. Hao hurudi. Yule bibi wa kitenge nina hakika amerudi. Na tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, kama kilomita 3 juu ya maji ambayo zamani yalimaliza saa nzima ya mtu akisubiri kivuko, sasa wa Geita, Chato na Bukoba wako karibu, na nyuma yao Rwanda. Hawa hawatatuuliza nyumbu wako wapi, wakiambiwa mapema kwamba hawapo.

Basi ombi langu kwa wahusika ni la gharama ndogo: bango moja pale gatini, kabla ya dirisha la tiketi, si baada yake. Liandikwe kwa Kiswahili kwanza, na Kisukuma kikiwepo hakitamdhuru mtu. Liseme kisiwa kina ukubwa gani, kwa tarakimu. Liwataje wanyama waliopo leo, wasitajwe wa 1964. Limtaje mjusi kwa jina lake lenye jina la mji. Limwambie mgeni avae viatu vinavyoshika jiwe, aje na kofia, asiingize miguu majini, na kama ana nafasi avuke alasiri badala ya saa sita, wakati mwamba ni kikaango. Limwambie pia kwamba kama anataka simba, lango la Ndabaka liko barabara ya Musoma. Kijana wa miwani akilisoma hilo akaamua kugeuza, ampe bodaboda nauli ya kurudi, kwa amani. Akivuka, amevuka kwa hiari yake.

Na chini kabisa ya bango, mstari mmoja kuhusu Mzee Chawandi, aliyehamishwa ili pawe na bustani. Katika miaka yote hii ya kusikiliza wanaosifu na wanaoponda, sijamsikia abiria hata mmoja akiuliza mzee huyo alihamia wapi.